UZI: Kwa mnaotafuta kazi na mmeanza kujificha

Bahasha ya Kaki (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Huu uzi nimeuahirisha tangu Januari. Kila nikikaa kuuandika naona aibu, na aibu ndiyo yenyewe ninayotaka kuisema. Ngoja niimwage yote leo kabla sijaghairi.

Mimi ni binti wa miaka 29, nilihitimu shahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2020. Kazi nimepata mwaka jana mwezi wa nane. Hapo katikati pigeni hesabu wenyewe. Nilikuwa naishi kwa shangazi, Mbagala Rangi Tatu, na nilikuwa na kaunta buku la kwaya mbili. Kila ombi nililotuma niliandika humo: tarehe, wapi, nafasi gani, majibu. Safu ya majibu ilibaki nyeupe karibu yote. Maombi 143, usaili mara 9, barua za "tunasikitika" 4. Wengine wote kimya.

Mwaka wa kwanza sikuona shida, wote tulikuwa mtaani. Mwaka wa pili wenzangu wakaanza kupotea mmoja mmoja kwenye grupu la darasa. Ukiona mtu kaweka picha mpya na kamba ya kitambulisho inaning'inia shingoni, unajua huyo tayari. Hapo ndipo nilipoanza kujificha.

Nilijificha hivi. Saa moja na nusu asubuhi natoka nyumbani na sketi ya ofisini, bahasha ya kaki kwapani, napanda daladala hadi Mnazi Mmoja. Nakaa bustanini. Jua likipanda nahamia maktaba. Saa kumi nagombania daladala ya kurudi kama watu waliotoka kazini kweli. Shangazi alijua natafuta, ila majirani niliwaacha waamini wanavyotaka. Mama wa genge akiuliza "mjini kwema?" nasema kwema. Jirani yetu wa nyumba ya nyuma, dereva wa fuso, akinitania "ofisini hawajambo?" nasema hawajambo, wanakusalimia.

Sasa siku moja jioni nampita huyo jirani kibarazani kwake anakula muhindi wa kuchoma. Akaniambia, hata hakunitazama, alikuwa anapambana na muhindi wake: "Yaani godauni letu wamehangaika wiki nzima kutafuta karani wa stoo. Bosi akatuuliza sisi madereva kama tuna mtu. Nikampeleka mtoto wa dada yangu, kasomea mambo ya hoteli, wamemchukua hivyo hivyo wanamfundisha. Wewe si ndiyo mambo yenu haya? Ningekwambia, lakini una ofisi yako mjini."

Nikacheka. Nikaingia ndani moja kwa moja hadi bafuni, nikawa namwaga maji kwa kopo ili shangazi asinisikie ninavyolia.

Wakuu, ile kazi sikunyimwa na mtu. Niliikosa kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa kusema hawajambo.

Usiku ule nililala nikiwa nimeamua. Kesho yake sikwenda Mnazi Mmoja. Nilivaa dera, nikakaa gengeni, nikamwambia mama wa genge: mimi sina kazi, sijawahi kuwa nayo, natafuta. Alinitazama akasema, "Mwanangu, mbona tulikuwa tunajua." Yaani miaka miwili naigiza, na watazamaji wanajua ni mchezo, wananisitiri tu.

Nilichojifunza baada ya hapo ni kimoja, na kinafanya kazi zaidi ya maombi yangu yote 143. Usiseme unatafuta "kazi yoyote". Kazi yoyote haina sura. Mtu akiisikia anakuonea huruma, anakwambia Mungu atafungua njia, akigeuka ameshasahau. Mimi niliandaa sentensi moja, nikawa naisema vilevile kwa kila mtu: "Natafuta kazi ya stoo au manunuzi, nimesomea, najua Excel na kuhesabu mali, niko Mbagala, naweza kuanza hata kesho." Hiyo mtu anaondoka nayo. Wiki tatu baadaye akisikia neno stoo kwenye daladala, anakukumbuka wewe.

Niliisema kwa fundi cherehani, kwa mwalimu wangu wa sekondari, kwa mtu wa steshenari anayeniskania vyeti. Aliyeleta jibu ni huyu wa steshenari. Mteja wake alikuja kuprinti tangazo la kazi ili akalibandike, na jamaa akamwambia kabla hujabandika, kuna dada mmoja hapa mtaani. Leo niko stoo ya vifaa vya ujenzi, Barabara ya Nyerere. Mkataba wa mwaka mmoja, mshahara wa kawaida tu, nisije nikawadanganya. Na Bodi ya Mikopo nao hawakuchelewa, asilimia 15 yao inakatwa juu kwa juu kabla hata sijaishika.

Kwa upande wa serikali, kwa wanaoomba Ajira Portal, ule mtandao wa Sekretarieti ya Ajira wa kuombea kazi za serikali, nawapa makosa yangu mwenyewe myaepuke.

Kosa la kwanza ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kimeongeza herufi, NIDA wamegeuza jina la babu kuwa la katikati. Nilidharau. Nikaitwa usaili Dodoma, nikafika mlangoni na vyeti vinavyosema ni watu wawili tofauti. Wakanirudisha. Nauli ya kwenda na kurudi, chumba cha kulala usiku mmoja, vyote vya mkopo, kwa sababu usaili wa serikali kila mtu anajigharamia chakula, usafiri na malazi, na tangazo linasema hivyo wazi. Kama majina yako yanapishana, usisubiri kuitwa. Nenda kwa wakili sasa hivi ukaandae hati ya kubadili jina isajiliwe, ukae nayo kwenye bahasha.

Kingine, yale matokeo ya kidato cha nne na cha sita mliyopewa kwenye karatasi si cheti. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanakataa karatasi za matokeo na tesimonia, na bado kila mwaka watu wanazipakia. Mwenye cheti chake bado kiko shuleni kwa sababu ya deni la dawati, kakifuate. Barua ya maombi isainiwe kwa mkono. Na laini ya simu uliyosajilia akaunti usiiache ikafa. Rafiki yangu aliitwa usaili akajua baada ya wiki mbili.

Nikipata nafasi nitaongeza. Mwenye lake aseme.

---

Mzee wa Tandale

Nimeweka kigoda. Shusha vitu dada.

---

Chaki Nyeupe

Asante dada mleta uzi, umenigusa pabaya.

Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia, mhitimu wa 2019. Nilikuwa kwenye ule usaili wa walimu wa mwanzoni mwa 2025. Miaka yote walimu tulikuwa tunapangiwa vituo tu, zamu yetu ilipofika ndipo usaili ukaingia. Tuliitwa zaidi ya laki mbili kwa nafasi elfu kumi na nne na ushee. Nilipita mchujo, mahojiano yakanitupa.

Kilichoniuma si kukosa. Baba aliuza ng'ombe wawili nimalize chuo. Nilipompigia kumwambia sikupata, akanyamaza kidogo, akasema "Haya, mvua huku zimeanza." Hakusema kingine. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananipa moyo au ameshakata tamaa na mimi.

Sasa najitolea shule ya kata, wazazi wanachanga napewa elfu themanini kwa mwezi, ikipatikana.

---

Bahasha ya Kaki

Mwalimu, pole sana. Mimi nadhani baba yako alikuwa anakuita nyumbani ukalime kidogo utulize akili. Wazee wetu hawana maneno ya "usijali". Wana mvua na ng'ombe.

Na naomba tuziseme hizi namba, maana watu wanajilaumu bure. Mwaka 2014 Uhamiaji walitangaza nafasi 70, watu zaidi ya elfu kumi wakajaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili. Kila kiti kimoja kinagombewa na watu zaidi ya 140. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato (TRA) nafasi 1,596, wakaomba zaidi ya laki moja na thelathini elfu. Hapo hata wote wangekuwa na akili za ajabu, wengi walikuwa lazima warudi nyumbani. Ukikosa mahali kama pale hujapimwa ukaonekana hufai. Kiti hakikuwepo.

---

Spana 14

Mnapeana matumaini ya pipi. Kazi nchi hii ni koneksheni, basi. Mtoto wa mkubwa anamaliza chuo Ijumaa, Jumatatu ana ofisi. Wewe mleta uzi mwenyewe umepata kwa kujuana na mtu wa steshenari, halafu unatufundisha sentensi.

---

Bahasha ya Kaki

Spana, sikatai. Yupo niliyemaliza naye, alikuwa ananakili kazi zangu chuoni, leo ana gari la ofisi. Nikilifikiria sana silali.

Ila angalia koneksheni yangu ilikuwa nani. Kijana wa steshenari, miguu kandambili, ananidai elfu mbili ya kuskani. Huyo unaye na wewe. Tofauti ni kwamba hajui unatafuta nini.

---

Spana 14

Sawa. Mimi nimemaliza.

---

Mama wa Rasilimali

Naingia kama mtu wa upande wa pili wa meza. Nimefanya kazi ya rasilimali watu miaka kumi na moja kwenye kampuni binafsi, sitaitaja. Niwape picha ya Jumatatu yangu.

Tukitangaza nafasi moja ya mhasibu msaidizi, hadi Jumatatu asubuhi kuna barua pepe kama mia tatu. Karibu theluthi hazina kichwa cha habari. Nyingine zimeandikwa tu "CV". Nafungua kiambatanisho kinaitwa "CV mpya ya mwisho 2 KWELI". Nacheka, halafu nasikitika, maana najua huyu mtu ameihariri usiku kwa simu. Jamani, andikeni jina lenu na nafasi mnayoomba. Ni dakika moja, na ninapotafuta faili lako tena nalipata.

Wengine wanatuma barua moja kwa kampuni arobaini, na anwani zote arobaini naziona pale juu. Mwingine ameniandikia "nitafurahi kujiunga na benki yenu". Sisi si benki.

Kuna jambo linaniumiza kuliko hayo, wadhamini. Nilimpigia mdhamini wa kijana mmoja mzuri sana, usaili alifanya vizuri kuliko wote. Mzee akapokea: "Nani huyo? Simkumbuki." Kijana alimwandika bila kumwambia, miaka minne hawajaongea. Nilimpigania ndani lakini wakubwa wakasema hapana. Kabla hujaweka jina la mtu, mpigie, msalimie, mwambie unaomba kazi gani ili akipigiwa ajue aseme nini.

Na mkiwa kwenye usaili mkiulizwa "tueleze kuhusu wewe", msianze na shule ya msingi. Nieleze jambo moja ulilolifanya kwa mikono yako. Niliwahi kumwajiri binti ambaye hakuwa na uzoefu wa ofisi, alisema alikuwa mweka hazina wa kikoba cha mama yake, wanachama ishirini na wawili, akatueleza siku hesabu zilipopishana kwa elfu sita na jinsi alivyoitafuta hadi usiku. Nilikuwa nimeshaacha kuandika, namsikiliza tu.

---

Chaki Nyeupe

Mama, sisi tunaojitolea, hiyo tunaiandika kama uzoefu?

---

Mama wa Rasilimali

Unaiandika, tena juu kabisa. Usiandike "kujitolea" peke yake ukaacha hapo. Andika umefundisha vidato vipi, vipindi vingapi kwa wiki, wanafunzi wangapi. Omba mkuu wa shule akupe barua yenye mhuri. Wengi mnaondoka bila barua halafu mwaka wa tatu mkuu amehamishwa.

---

Kiatu Kimoja

Mimi nina miaka 41, si mhitimu mpya, sijui kama uzi huu unaniruhusu.

Tulipunguzwa kazini watu kumi na tisa kwa siku moja. Tuliitwa chumba cha mikutano tukadhani ni kikao cha usalama kazini. Nilikuwa msimamizi wa zamu. Nikarudi nyumbani na boksi lenye kikombe, kofia ngumu na viatu vya kazi. Nilipofika nikagundua nimebeba kiatu kimoja, kingine nimekisahau kwenye kabati. Miezi miwili sikuweza kukitazama kile kiatu.

Niliyoyajua nimechelewa, nayasema ili mwingine asichelewe. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii tunaokatwa michango, kuna fao la kukosa ajira. Kama umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi kwa hiari yako, unaweza kulipwa theluthi ya mshahara wako kwa miezi sita. Nilikuja kuambiwa na mlinzi! Jingine, kama unaona umeachishwa kwa uonevu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndiko pa kwenda, na una siku 30 tu tangu uachishwe. Sisi tulikaa tunashauriana WhatsApp siku 30 zikapita. Mwenzetu mmoja aliyekwenda mapema walau kisa chake kilisikilizwa.

Kutafuta kazi ukiwa na watoto wawili shule ni jambo jingine. Mke wangu ndiye anayebeba nyumba sasa kwa vitumbua. Mimi naamka naye saa kumi usiku nawasha moto. Mwanzoni nilikuwa naona haya, sasa naona ndiyo saa pekee ya siku nina kazi.

---

Mzee wa Tandale

Kaka, uzi huu ni wako kuliko sisi wote. Hicho kiatu kingine kakifuate.

---

Kiatu Kimoja

Nimecheka peke yangu hapa, mke ananiuliza kuna nini. Asante mkuu.

---

Bahasha ya Kaki

Naongeza hili la matapeli maana nimeona mtu kaniuliza faragha.

Mwaka 2022 nilipigiwa simu nimechaguliwa. Ofisi ghorofa ya tatu, katikati ya mji, viti vya ngozi, dada mmoja wa mapokezi ananukia vizuri. Wakanipa fomu nijaze, wakasema kuna elfu hamsini ya sare na kitambulisho. Nikamwomba shangazi, akachukua ya kikoba. Siku ya kuripoti nikakuta chumba kitupu, na watu kama thelathini tumesimama ngazini, kila mmoja kavaa vizuri. Hakuna aliyepiga kelele. Tulitazamana tu tukashuka.

Kazi inalipa wewe, wewe huilipi kazi. Sekretarieti ya Ajira haitozi chochote. Kitengo cha Huduma za Ajira kilicho chini ya serikali, wengi mnakijua kama TaESA, hakitozi, na wanakuunganisha hadi na nafasi za mafunzo kazini. Anayetaka pesa ya fomu, ya sare, ya vipimo, ya "kumwona bosi", muage kwa heshima.

---

Pwani Tulivu

Na za Uarabuni je? Kuna wakala ananiambia Muscat, kazi za ndani, nisilipe kitu, ila anataka nimwachie pasipoti kuanzia sasa.

---

Mama wa Rasilimali

Usimwachie mdogo wangu. Kwanza uone mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara na siku za kupumzika, kwa lugha unayoisoma mwenyewe. Pili uliza Kitengo cha Huduma za Ajira kama huyo wakala ana leseni. Kuna watu wamekwenda kihalali wakajenga, na kuna waliorudi wanasimulia kwa kunong'ona. Mwenye haraka na pasipoti yako, jiulize ana haraka ya nini.

---

Mama Tumaini la Kesho

Samahanini wanangu, mimi si wa umri wenu. Nimesoma wote nikaona niulize.

Kijana wangu alimaliza chuo miaka mitatu iliyopita. Hatoki chumbani. Anaamka saa sita mchana, usiku simu. Nikimuuliza "umefikia wapi?" ananijibu "bado", anafunga mlango. Zamani alikuwa anacheka hadi jirani anasikia. Nimemuombea, nimemgombeza, nimenyamaza. Sijui nifanye nini.

---

Bahasha ya Kaki

Shikamoo mama.

Naomba nikuambie kutoka upande wa ndani wa huo mlango. "Umefikia wapi?" ukiisikia mara moja ni swali. Ukiisikia kila siku inakuwa kama mdaiwa anagongewa. Shangazi yangu aliacha kuniuliza siku moja, akaanza kunituma. "Nipeleke kwenye vitenge Kariakoo, macho yangu hayaoni bei." Macho yake yalikuwa mazima. Tulizunguka hadi mchana, akaninunulia soda, hatukuongelea kazi hata kidogo. Siku ile nililala mapema.

Na kama unaweza, muwekee bando la wiki bila kumwambia ni la nini. Kuomba mia tano ya bando ukiwa na shahada ni kitu kigumu sana mama, bora ukae usiombe.

---

Kiatu Kimoja

Marahaba zangu hazihusiki hapa, shikamoo mama.

Naongeza kwa uangalifu. Akianza kugawa vitu vyake, au akisema maneno ya kwamba ingekuwa bora asingekuwepo, usiyachukulie kama hasira za ujana. Muulize waziwazi, halafu nenda naye hospitali, Muhimbili au ya rufaa ya mkoa wako, waone watu wa afya ya akili. Mimi nilikwenda. Nilikaa foleni nimevaa kofia usoni nikiogopa kuonwa, nikamkuta pale mtu tuliyekuwa naye zamu moja. Tukaangaliana, tukapeana mkono, tukakaa pamoja.

---

Mama Tumaini la Kesho

Marahaba wanangu. Nimesoma hili la vitenge mara mbili. Kesho nina gunia la mkaa la kufuata. Nitamwambia mgongo unauma.

---

Mama wa Rasilimali

Mama, mgongo uume kweli kweli.

Wengine: jioni nikishalaza watoto ninaweza kupitia CV kumi, bila malipo, nitumieni PM. Kumi tu, mimi pia ni binadamu. Lakini kwanza kila mtu aandike hapa hadharani ile sentensi ya mleta uzi. Asiyeweza kuiandika, hata CV yake haijui inatafuta nini.

---

Chaki Nyeupe

Naanza. Mwalimu wa hisabati na fizikia, miaka mitatu nafundisha kidato cha tatu na cha nne, vipindi 26 kwa wiki. Niko Mwanza, Buhongwa. Naweza shule binafsi, naweza tuisheni za nyumbani jioni.

---

Pwani Tulivu

Mapishi ya pwani na usafi wa nyumba, niko Tanga, Chumbageni, kusoma na kuandika najua. Nataka mkataba. Pasipoti ninayo na nimeificha.

---

Kiatu Kimoja

Msimamizi wa zamu kiwandani, miaka kumi na tatu, watu 24 chini yangu, usalama kazini nimesomea. Dar, Gongo la Mboto. Zamu ya usiku siiogopi, saa kumi niko macho tayari.

---

Mzee wa Tandale

Chaki Nyeupe, dada yangu yuko Buhongwa hapo hapo, ana mapacha wa kidato cha pili, hisabati wanapata sifuri kama wamepangiwa. Angalia PM.

---

Chaki Nyeupe

Nimeiona mkuu. Nampigia sasa hivi kabla bando halijaisha.

---

Spana 14

Haya.

Fundi umeme wa magari, VETA ngazi ya tatu, cheti ninacho. Miaka sita gereji za chini ya mwembe. Waya naufuata hata gari likiwa limeungua nusu. Niko Morogoro, Msamvu. Naweza kuanza Jumatatu.

---

Kiatu Kimoja

Msamvu upande gani, mkuu?